Nilivyoifikia picha ya Ntiro pale Makerere

Darasa letu la sanaa la Mlimani lilipopata kibali cha kwenda Kampala kwa wiki moja, kila mtu aliniambia nisirudi bila kupiga picha mbele ya jengo kuu la Makerere, lile lenye mnara. Nilipiga. Jengo liliungua Septemba 2020, likajengwa upya, na linapendeza kweli. Lakini mimi nilipanda basi kutoka Dar kwa ajili ya Sam Ntiro.

Kwa wasiomjua: Ntiro alikuwa mchoraji, alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake miaka ya 1930, kisha Ntiro mwenyewe akafundisha hapo hapo. Alikwenda kusoma Slade, shule ya sanaa ya London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Picha yake ya wanaume wanaopeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa bibi harusi usiku iko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Mimi ni mtoto wa Machame, na nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya picha yake hata moja. Nilikuwa nikiziona kwenye simu tu.

Safari yenyewe ni ndefu ila haina maajabu: Dodoma, Singida, Kahama, Bukoba, Mutukula, Masaka. Nauli ilikuwa laki na kitu kwenda tu. Wasio na pasipoti walikata hati ya dharura, inatosha kabisa. Jambo linaloniuma mpaka leo ni kadi ya njano, ile ya chanjo. Kaka mmoja aliyetutangulia chuoni alituhakikishia kwamba mpakani haiulizwi. Inaulizwa! Mwenzetu mmoja alimsikiliza, akashtuka dakika za mwisho, akachanjwa siku nne kabla ya kuondoka. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika baada ya siku 10, na tarehe imeandikwa pale pale kwenye kadi. Akarudi Bukoba kwa shangazi yake, safari ikaishia hapo. Binti alikuwa ameweka akiba muhula mzima. Chanjeni mapema jamani. Ukichanjwa mara moja inatosha maisha yako yote.

Siku ya kwanza chuoni tulizungushwa wote 23. Tulipofika kwenye jumba la picha la shule ya sanaa, kuta zilikuwa na kazi za wanafunzi wa sasa, nzuri, ila za Ntiro sikuziona. Nikamfuata mama msimamizi nikamwambia nataka kuona picha za zamani za Watanzania zilizo stoo. Akaniuliza: za nani? Nikasema zote. Za nini? Nikasema kuziangalia tu. Akaniambia kwa upole kwamba stoo haifunguliwi kwa ajili ya kuangalia tu, tena kwa kundi la watu 23. Wenzangu walikuwa wameshaanza kutoka. Nikatoka nao, koo limenikaba.

Jioni tulishuka Wandegeya kula rolex, ile chapati inayoviringishiwa mayai, nyanya na kabichi. Yangu niliinunua kama elfu tatu za kwao, na shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu. Ilipoa mkononi kwa mawazo. Ndipo nikaona kosa langu: niliomba kama mtalii. Mwenye ghala la picha anaogopa mikono, mwanga na umati. Kwa hiyo nikaketi chini ya taa ya duka la jirani nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Jina langu, chuo changu, mchoraji mmoja tu: Sam Ntiro. Naomba picha moja, yoyote mtakayoona inafaa. Nitakuja peke yangu. Nitatumia penseli, sitaleta rangi wala wino, sitapiga picha kwa simu, na nitakaa umbali mtakaonipangia. Nikaambatanisha michoro yangu mitatu ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, cha bibi yangu, ili waone kwamba nachora kweli. Mwalimu wetu akasaini usiku ule ule kama mdhamini. Namba niliyoweka ilikuwa ya laini ya Uganda. Ya kwetu nani angeipigia?

Asubuhi nilifika kabla mlango haujafunguliwa. “Wasuze otya, nnyabo,” nikamwamkia, nilivyofundishwa na binti wa hosteli. Akaitikia, akacheka, akasoma barua amesimama. Michoro aliitazama kwa muda mrefu kuliko barua. “Njoo saa nane mchana,” akasema kwa Kiswahili. “Wewe peke yako.”

Saa nane nilikuwa pale na penseli mbili. Picha ililetwa na kijana aliyevaa glavu, ikasimamishwa kwenye egemeo. Sitasahau. Vilima vya kijani vimepangwa kimoja juu ya kingine, migomba, na watu wadogo wadogo wasio na sura, wameinama kazini, hakuna aliye mkubwa kuliko mwenzake. Kwenye simu rangi zake zilionekana nzito. Kumbe amepaka nyembamba, sehemu nyingine unaona brashi ilipopita. Nilijigawia karatasi kwa miraba, nikapima kwa kunyoosha penseli mbele ya jicho, nikachora kwa saa mbili bila kunywa hata maji.

Nikiwa namalizia, mama yule akaja akasimama nyuma yangu. Akanionyesha mstari mwembamba wa buluu uliokata kilima kwa mshazari, akauliza kama ni njia. Nikamwambia hapana mama, ule ni mfongo, mfereji wa maji ambao wazee wetu waliuchimba kutoka mlimani kuja vihambani. Kwetu kila ukoo una zamu yake ya maji, na hao walioinama pembeni hawalimi, wanazibua. Akanyamaza kidogo. Kisha akatoa daftari lake mfukoni, akaniomba nimtajie herufi moja moja.

“Em,” nikaanza, “ef, o…”