Siku ya Onyesho: Chelo Moja, Nyuzi Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, nilifungua kasha la chelo, ala kubwa ya jamii ya fidla, na kukagua nyuzi. Februari hewa ya Nairobi huwa kavu, mbao husinyaa, na vigingi vinavyokaza nyuzi huweza kuteleza usiku bila kuguswa na mtu. Leo ni uzi wa A pekee ulioshuka.

Kuanzia saa moja nilifanya mazoezi, na karibu muda wote ulimwendea Kodály, mtunzi wa Hungaria. Sonata yake ya chelo pekee, aliyoitunga mwaka 1915, hudai nyuzi mbili nene zishushwe nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya sauti: ule wa C ufike B, na ule wa G ushuke vivyo hivyo. Sharti hilo ndilo lililopanga programu yangu nzima. Watu hudhani kwamba mwanamuziki huchanganya Bach na watunzi wa karibuni kwa kufuata ladha yake tu, lakini uzi ukishalegezwa hautulii papo hapo. Hupanda tena kidogo kidogo, na nyuzi ambazo hazikuguswa nazo hupanda, kwa kuwa mkazo uliokuwa ukikandamiza daraja, kibao kinachobeba nyuzi, umepungua. Kwa hiyo Kodály hufuata mapumziko, naye Bach hutangulia na Suiti ya Kwanza, ambayo noti yake ya kwanza kabisa ni uzi wa G ulio wazi, yaani usiobanwa na kidole. Kati yao niliweka “Sept papillons” ya Kaija Saariaho wa Ufini, vipande saba vifupi vya mwaka 2000, ambamo kidole mara nyingi huugusa uzi bila kuukandamiza.

Saa sita nilipanda matatu kwenye Barabara ya Thika, na kama kawaida nikalipia viti viwili.

Saa nane nilifika ukumbini nikakuta zulia zito jukwaani, na zulia humeza sauti ya chelo.

“Mwanangu, hili liliwekwa ili viatu visisikike,” alisema mzee anayetunza ukumbi.

“Mzee wangu, leo nahitaji kila kitu kisikike.”

Alicheka, tukalikunja pamoja. Vigae vilivyobaki vinateleza, kwa hiyo niliusimika mguu wa chuma wa chelo kwenye kibao chenye tundu, nikakifunga kwa mkanda kwenye mguu wa kiti.

Saa moja usiku tulianza. Bach alipokewa kama mwenyeji. Kwa Saariaho niliona watu wakiinamia mbele, kwa kuwa sauti zake ni nyembamba mno, na pikipiki iliyopita nje iliziba kipande kimoja karibu chote. Wakati wa mapumziko sikusalimiana na mtu: nililegeza nyuzi, nikasubiri, nikazishusha tena, hadi zilipotulia. Kodály alijaza ukumbi hivi kwamba hata mimi nilishangaa.

Makofi yalipoendelea niliwapigia Sarabande, kipande cha mwendo wa pole cha Suiti ya Tano, ambayo Bach hakuitilia akordi, yaani noti zinazolia pamoja, hata moja. Hivyo hupigika hata nyuzi nene zikiwa zimelegezwa, mradi vidole visogee nusu toni juu yake. Kabla ya saa nne nilifuta vumbi la ulimbo unaopakwa kwenye upinde, nikalegeza upinde, nikazipandisha nyuzi zote mbili usiku huohuo, kwa maana kesho asubuhi nina mwanafunzi.