Tasnifu ndefu kwenye laptopu ya GB 4: nilivyoondoa mkwamo

Kufikia sura ya nne, kila rejeleo nililoingiza lilikuwa na foleni yake. Nabonyeza, kiduara kinazunguka, ukurasa unapauka, juu ya dirisha yanatokea maneno kwamba programu haijibu, na baada ya kungoja ndipo mabano yenye jina na mwaka yanajitokeza. Aya inayotaja watafiti sita inaweza kukumalizia asubuhi nzima, na wazo uliloketi nalo limeshapotea. Tasnifu yangu inahusu biashara ya dagaa wa Ziwa Tanganyika. Ina kurasa zaidi ya 250, kwa Kiswahili, na naiandika hapa Kigoma kwa Word na Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo, kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa kompyuta, mtaa wa Mwanga hapahapa Kigoma. Aliiwasha, akatazama, akasema, "Dada, tukiongeza RAM hii itakimbia."

"Kaka, barua inafunguka mara moja," nikamwambia. "Hata faili la takwimu halina shida. Ni hili moja tu."

Akafikiri kidogo. "Basi usitoe hela bado. Tengeneza nakala, uipunguze kitu kimoja kimoja, uone ni kipi kinachoilemea."

Ushauri huo ndio ulionifaa kuliko yote. Nilitoa nakala ya faili nikafuta picha zote: kurasa zikaanza kushuka vizuri, lakini kuingiza rejeleo kukabaki kuzito vilevile. Nikatoa nakala nyingine, picha nikaziacha, marejeleo nikayageuza kuwa maandishi ya kawaida. Hapo kuandika kukawa kwepesi, ila kurasa zenye picha zikawa bado zinasuasua. Kumbe yalikuwa matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na marejeleo, maana ndiko kwenye uzito hasa. Mabano unayoyaona kwenye ukurasa ni uso tu. Nyuma yake kuna msimbo uliobeba taarifa za kitabu au makala: mwandishi, mwaka, jarida, kurasa. Ukiongeza rejeleo jipya, Zotero haishughuliki na hilo peke yake, inayapitia yote yaliyomo kwenye waraka. Ina sababu. Kwa mtindo wa APA, ule wa kutaja jina na mwaka kwenye mabano, mtafiti akiwa na makala mbili za mwaka 1999, moja lazima iwe 1999a na nyingine 1999b, kwa hiyo rejeleo la leo kwenye sura ya tano linaweza kubadilisha la sura ya kwanza. Wanaotumia tanbihi zenye "ibid.", yaani chanzo kilekile cha tanbihi iliyotangulia, wako katika hali hiyohiyo, kwa sababu tanbihi moja ikiingia katikati, inayofuata hubadilika. Ndiyo maana wingi wa vitabu ulivyohifadhi ndani ya Zotero si hoja kubwa. Kinacholemea ni wingi wa marejeleo ndani ya waraka mmoja.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye vitufe vya Zotero ndani ya Word kuna "Document Preferences". Humo nikaondoa alama ya tiki kwenye kipengele cha kusasisha marejeleo yenyewe kwa yenyewe. Tangu hapo nikiingiza rejeleo linatokea na mstari wa vidoti chini yake, kuonyesha kwamba halijasasishwa, nami naendelea kuandika. Jioni nikimaliza kazi nabonyeza "Refresh" mara moja, nainuka kwenda kuchemsha chai, na nikirudi yote yamekaa sawa, herufi a na b zikiwemo.

Picha zangu ni za simu: dagaa walioanikwa Kibirizi, mitumbwi na taa zake, wachuuzi wakipima. Kila moja ilikuwa na MB kadhaa. Asili zake nilizihifadhi kwenye flashi, kisha ndani ya Word nikatumia "Compress Pictures" kuzibana hadi 220 ppi, yaani nukta 220 kwa kila inchi, kiasi kinachotosha kuchapwa vizuri. Nikazima pia ukaguzi wa tahajia, kwa sababu Word yangu ilikuwa inakisoma Kiswahili kama Kiingereza kibovu na kupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno.

Lipo jambo moja ambalo wengi hushauri nami nimelikataa: kuzima uhifadhi wa dharura wa kila baada ya dakika 10 ili programu isisimame kidogo. Betri yangu imechoka na umeme hukatika bila kubisha hodi. Acha isimame.

Rafiki zangu wawili waliopata mkwamo huu waliachana na Zotero, sasa wanaandika orodha ya marejeleo kwa mkono. Naumia nikiwaona. Programu hii imekuwepo tangu 2006, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, na ni ya bure. Mwanafunzi asiye na hela ya programu za kulipia asiikimbie kwa sababu ya tiki moja. Kama hata baada ya hapo bado ni nzito, igawe tasnifu, kila sura na faili lake, zote kwa mtindo mmoja wa marejeleo. Mwishoni ziunganishe, weka orodha moja, bonyeza "Refresh".

Kuwa mwangalifu na faili linalozunguka kwa watu. Likifunguliwa kwenye programu nyingine ya kuandikia na kuhifadhiwa humo, misimbo inaweza kupotea, ukabaki na maandishi matupu. Kwa hiyo msimamizi wangu nampelekea PDF. Ya kuchapwa steshenari natoa nakala, na kwenye nakala hiyo tu nabonyeza "Unlink Citations", inayogeuza marejeleo kuwa maandishi ya kawaida, maana hatua hiyo haina kurudi nyuma. Faili lenye misimbo linabaki kwangu, kwani sura ya tano bado inasubiri maoni yake.