Bibi Yako Ako Wapi?

Mwaka 2012 nilipata kazi ya miezi sita Nairobi, nikapanga chumba mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano. Suala la lugha sikuliwaza hata kidogo. Mtoto wa Dar atafundishwa Kiswahili na nani? Nikavuka Namanga kifua mbele.

Aliyekishusha kifua hicho ni mama mboga wa chini ya jengo letu. Hilo ndilo jina lake kwa mtaa mzima. Ukimwita dada, kama tunavyowaita wauzaji kwetu, anageuka kutazama unamwita nani. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Nilikolelewa mimi, mtu wa umri wa mama yako usipompa shikamoo umemtukana. Akanitazama, akacheka, akajibu, "Poa!" Vijana waliokuwa wakisubiri mboga zao wakaniita buda, yaani mzee. Marahaba sikuipata mpaka naondoka.

Sasa jioni moja, kama wiki ya tatu hivi, nimesimama pale namwangalia akikata sukuma wiki. Anayakunja majani kama sigara kubwa, anayabana kiganjani, na kisu chake kilichonolewa mpaka kikabaki chembamba kama kijiti kinashusha nyuzi nyuzi za kijani, wala hatazami vidole. Bila kuinua kichwa akauliza:

"Na bibi yako ako wapi? Mbona kila siku ni wewe?"

Nikaona huo ni uungwana, mtu kuulizia wakubwa wa nyumbani.

"Bibi alishafariki, mama."

"Woiye! Pole sana." Kisu kikasimama. "Aliugua?"

"Hapana, uzee tu. Alikuwa ameshapita miaka tisini."

Kimya. Kijana mmoja akakohoa. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka 26.

"Kwani ulioa nyanya?"

Nikatazama mafungu ya nyanya mbele yangu. "Hapana, nyanya ninazo. Nipe sukuma tu."

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya kibanda. Ikabidi jirani mwenye duka, aliyewahi kufanya biashara Arusha, aje atutafsirie Kiswahili kwa Kiswahili: bibi yao ni mke, na bibi yangu mimi ndiye nyanya wao. Mama mboga akajifuta machozi kwa upindo wa leso, akaanza upya kucheka.

Jambo moja sikuthubutu kulisema pale. Marehemu bibi yangu, kule Korogwe, aliniita "mume wangu" mpaka anakata roho, kwa ule utani wa mabibi na wajukuu wao. Hata mahari alikuwa akinidai, kila nikienda likizo.

Kesho yake sijafika hata kibandani, nikasikia, "Sasa, bwana ya shosho!" Shosho ndiye huyo huyo nyanya wao. Akanikatia sukuma yangu, akafunga, halafu akatupia nyanya moja juu, ya nyongeza.

"Peleka nyumbani," akasema. "Hii bado ni msichana."