Jinsi nilivyokomesha mzigo kusogea kwenye tela

Mikanda ilikuwa inalegea kila safari. Tunapakia kreti za mashine, racheti, yaani kifaa cha kukazia mkanda, inakazwa hadi mkono unagoma, lakini tukisimama kukagua, mkanda wa nyuma unacheza na kreti imesogea kuelekea mbele. Kuongeza mikanda hakukusaidia.

Jibu lilikuwa sakafuni. Nilipiga magoti nikapangusa kwa kiganja, kikajaa vumbi laini la nafaka, mabaki ya mzigo uliotangulia. Mkanda unaopita juu hauzuii kreti kwa nguvu zake wenyewe; kazi yake ni kuikandamiza chini ili msuguano uizuie kuteleza. Penye vumbi, msuguano huo hupungua sana.

Sasa tunafagia kwanza, kisha tunaweka vipande vya mpira chini ya kila kreti. Kreti ya kwanza inagusa ukuta wa mbele, na mapengo yanazibwa kwa mbao, maana breki ya ghafla inaweza kuusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Zilizonitesa zaidi ni kreti fupi: mkanda ukilala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni, nguvu ya kukandamiza inabaki nusu tu ya ile ya mkanda uliosimama wima. Hizo nazifunga kwa minyororo ya mshazari inayozivuta moja kwa moja. Kwenye kona kali naweka kinga, zisije zikakata mkanda.

Bado nasimama baada ya kilomita chache kukaza upya, kwa sababu mzigo hujipanga na mkanda hunyooka. Kreti hazisogei tena.