Siku moja na "friji" langu kreta, kruza ya umeme katikati ya madizeli

Saa 10 na nusu alfajiri. Hata uso sijanawa naenda kwanza kuangalia gari, kama mtu aliyeacha mgonjwa wodini. Taa ya chaja imezima. Umeme wa hapa Karatu ulikatika usiku sijui saa ngapi, ukarudi, ila hii chaja ikishakatika hairudi yenyewe mpaka uigonge swichi na mimi nilikuwa nakoroma. Asilimia 88. Nililala nikihesabu naamka na 100, basi.

Kwa asiyejua, naongoza wageni mbugani, kama hapa kreta ya Ngorongoro (wenyewe kwa wenyewe tunaitana magaidi, toka "guide", huku mtandaoni neno hilo siliandiki sana lisije likaniletea maswali). Gari yangu ni Land Cruiser iliyokuwa ya dizeli. Bosi akang'oa 1HZ, ile injini ya silinda sita lita 4.2 iliyosomesha watoto wa madereva wengi sana Arusha, akaweka mota na betri ya kilowati saa 70. Gia boksi ile ile, difu zile zile. Ukiipita barabarani hujui kitu, mpaka ujiulize mbona hii kruza haingurumi. Hilo ndo "friji" lenyewe.

Saa 11 kasoro, chapati na chai ya tangawizi kwa mama hapa kona. Kuna mzee wangu mmoja wa kazi, ana miaka na dizeli kuliko mimi nilivyo na ndevu, kila asubuhi lazima anichokoze. "We dogo, hilo friji lako limelala na chaji?" Nikamwambia mzee shikamoo kwanza. "Marahaba. Limelala na chaji?" Nikanywa chai.

Saa 11 na nusu nimechukua wageni wanne, saa 12 geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, linafunguliwa na sisi tupo kwenye foleni. Asilimia 78. Kutoka getini ni kupanda tu kwenye ukungu mpaka ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi toka usawa wa bahari, na hapa ndo naanza kucheka kimoyomoyo. 1HZ haina turbo, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, na huku juu hewa nyepesi, kwa hiyo madizeli yanapanda gia ya pili yanatoa moshi mweusi na wewe nyuma unaula. Mota haivuti hewa, kwake mlima ni mlima tu. Ila usifikiri ni bure, mlima unakula chaji vibaya na hita ndo kabisa, kwa hiyo hita nimezima na wageni nimewapa mashuka ya Kimasai. Wao wanadhani ni utamaduni.

Saa 1 na robo tupo Seneto, asilimia 58. Hapo moyo huwa unadunda kidogo, maana siku ndo kwanza inaanza na theluthi ya chaji imeshaliwa. Lakini Seneto ni mteremko wa kwenda chini mita 600, na kwenye dizeli sehemu hii unashuka na gia ndogo unaiachia injini ikushikilie, mguu ukizidisha breki zinanuka mpaka mgeni anauliza. Huku naachia mafuta (tunasema hivyo hivyo tu, mafuta), mota inageuka kuwa dainamo, inashikilia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Chini kabisa nikasoma 61. Nimeshusha watu watano nikalipwa asilimia tatu.

Kuanzia hapo mpaka saa 5 sina malalamiko. Kutembea taratibu kwenye vumbi la chini kule ndo kazi mota inayoipenda, na ukisimama hakuna kinachowaka. Unasikia vitu ambavyo miaka yote sikuwa nasikia, nyumbu wakikata majani, mabawa ya heroe kule Ziwa Magadi. Unasikia na aibu zako pia, kila bushi iliyokufa, springi, mlango wa nyuma, zamani ngurumo ya dizeli ilikuwa inaficha yote hayo na sasa mgeni anakuuliza hiyo kwi kwi kwi ni ndege gani.

Saa 5 na nusu, redio inasema sharubu karibu na msitu wa Lerai. Tukamkuta simba jike peke yake, jua kali, na jua likiwa kali simba wa kreta wanajua kivuli cha bure kiko wapi. Akaja moja kwa moja, akalala ubavuni kwangu, mkia chini ya tairi la nyuma. Wageni wamekufa ganzi kwa furaha. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Sasa kwenye dizeli ukitaka kuondoka unapiga stata tu, ile kishindo yenyewe inamwambia samahani mama naondoka, anainuka anahamia gari ya jirani. Mimi nipige nini? Nikiwasha, kinachowaka ni taa kwenye dashibodi. Nikisogea, namkanyaga mkia. Honi huruhusiwi, na hata ingeruhusiwa nisingethubutu.

Tumekaa saa nzima. Aliyetuokoa unamjua. Mzee kaja na kruza yake, kaona hali, kasimama kwa mbali, kazima, halafu kawasha tena. Krrrrng. Simba akainua kichwa, akajinyoosha, akaondoka. Mzee akapita dirishani kwangu taratibu: "Dogo, hiyo ndo kazi ya dizeli." Sikuwa na jibu na mpaka sasa sina.

Saa 7 chakula pale bwawani Ngoitokitok, ndani ya gari maana mwewe wa pale wanapokonya mkononi. Saa 9 kutoka kreta kwa barabara ya kupanda ya Lerai, nimeanza na 40 nimefika juu na 31, kisha kuteremka kuja Karatu nako kunarudisharudisha kidogo. Nyumbani saa 11 kasoro, asilimia 22.

Hesabu ya leo: kama kilomita 125. Kujaza tena ni unit 60 hivi pamoja na zinazopotea, na kwa Luku elfu kumi inatoa unit kama 28, kwa hiyo elfu 21 na kitu. Ile 1HZ kwa njia hii ingekunywa lita 20 na zaidi, na lita ikiwa 2,800 hiyo ni karibu elfu 60. Oili ya injini hakuna, filta ya dizeli hakuna, nozeli hakuna. Ila ikigoma, fundi wangu wa miaka yote anafungua boneti, anaona zile nyaya nene za rangi ya chungwa, anarudisha mikono mfukoni. Anataka spana namba 14, gari inataka kompyuta.

Ndo maana kreta na Manyara sirudi kwenye dizeli hata unilipe. Bosi yeye saa 1 usiku kanitumia meseji, kesho wageni wa siku tano, Kogatende, kaskazini ya Serengeti. Hiyo ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu, na kule umeme ni sola ya kambi ambayo inagombaniwa na friji za kweli. Dizeli unafunga madumu mawili nyuma unaenda zako. Kwa hiyo friji nimelichomeka, nimegonga swichi mara mbili kuhakikisha, halafu nikaenda kuamsha kruza ya zamani pale nyuma, imekaa wiki mbili bila kuwashwa. Oili ipo, maji yapo. Nikapiga stata, mbwa wote wa mtaa wakaanza kubweka, na mama kutoka dirishani ananiuliza we mtoto hii ni saa ya kazi gani.