Sufuria Hazikurudi Tupu

Jumapili, usiku.

Sufuria kumi na moja za presha, za umeme, zimepangwa kibarazani kwangu hapa Kijitonyama kama zinasubiri daladala. Tatu nyingine nimeambiwa nizifuate mwenyewe. Tulianza jaribio la sufuria hizi na kina mama ishirini na wanne wa Tandale na Mwananyamala: wapikie nyumbani wiki nane, waandike kwenye daftari wamepika nini na uniti ngapi zimekwenda. Wiki ya nane wamebaki kumi.

Nilikasirika, sitaficha. Sufuria umepewa, nauli umelipwa, soda umekunywa, halafu unapotea? Nikipiga simu najibiwa, "Nipo dada, nitakutafuta." Mimi mtoto wa mjini hapahapa, nilipaswa kujua kwamba hiyo "nitakutafuta" ndiyo kwaheri yenyewe.

Jumanne nikaenda Tandale kwa mama mmoja ambaye wiki ya kwanza alikuwa hodari kuliko wote. Daftari lake lina mwandiko wa kupendeza: maharage, makande, kongoro, kisha kurasa nyeupe. Nilimkuta uani anapepea mkaa, maharage yako jikoni. Akaona haya, nami nikaona haya kwa kumfumania. Akanipa kigoda, tukaulizana habari za watoto, ndipo akasema, "Mwanangu, sufuria yenu haina ubaya. Ubaya uko kwenye luku."

Nyumba ina wapangaji sita na luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Wanachanga sawasawa, na kila mwezi kuna kesi: mwenye friji ana yake, anayepiga pasi kila asubuhi ana yake. Sasa wewe unachomeka chombo kinachofoka hadi koridoni! Maharage ya sufuria ile hayamalizi hata uniti moja, na yeye anajua, ameandika kwa mkono wake. Lakini nyumba iko kwenye tarifu ya matumizi madogo. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi; ukivuka, kila uniti ni 350. Nyumba ya familia sita inavuka tu, sufuria iwepo isiwepo. Ila siku elfu tano inapotoa uniti kiduchu, anatafutwa mtu, na mwenye kitu kigeni ndiye yuko karibu. Wakaiita "sufuria ya wazungu". (Imetengenezwa China, lakini ugomvi wa uani hausomi maandishi ya chini ya sufuria.)

Fomu ya ridhaa ilisainiwa na mtu mmoja. Mita ni ya kaya sita. Hakuna aliyebisha hodi vyumba vile vitano, na mratibu nilikuwa mimi.

Ulaya wana mtandao wa maabara hai (majaribio ya vitu vipya ndani ya maisha halisi ya watu, kama hili letu) tangu 2006, na watafiti wa huko wanaofuatilia watu wanaojitoa hupanga sababu kwa mafungu: kifaa chenyewe, namna jaribio linavyoendeshwa, na hali ya mshiriki. Nimejaribu kuipachika koridoo ya Tandale humo, inagusa yote matatu na bado inabaki nje. Nasi tuna mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wengi wao, kwa Dar hii, wanachangia luku.

Jambo jingine limenikaa rohoni. Fomu ilisema "unaweza kujitoa wakati wowote". Kisheria sawa. Lakini ukishampokea mgeni na kula vyake, unamwambiaje umemchoka? Unazima simu. Au unamtuma mtoto aje na sufuria imesuguliwa inang'aa kuliko tulivyoitoa dukani. Leo nimefunua moja nikakuta maandazi sita, bado yana joto. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Nimekula mawili nimesimama palepale mlangoni.

Kwenye ripoti, "sababu ya kujitoa" ina nafasi ya maneno mawili tu. Nimeandika "luku moja", nikafuta, nikaandika tena.

Kesho nafuata ile ya Mwananyamala. Mwenyewe hapatikani, ila jioni hii jirani yake kanipigia. Hakuwa na maelezo ya aliyejitoa. Alitaka kujua kama anaweza kubaki nayo yeye, maana chumba chake kina luku yake.