Kutoka Naivasha hadi Rumuruti, njia ya malalamiko ya walowezi

Gari lilipomaliza mteremko wa Kinungi, abiria wenzangu wengi walikuwa wamesinzia. Mimi nilikuwa nimebandika uso dirishani. Longonot ilikuwa kushoto, na ziwa lilimetameta nyuma ya mabanda ya wakulima wa maua. Nchi hii yote, kuanzia Naivasha hadi Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai mpaka ulipokuja mkataba wa Agosti 1904. Ndio uliowaondoa kando ya reli na kuwagawa mafungu mawili, wengine kusini, wengine Laikipia. Huko Laikipia, waliahidiwa, hakuna atakayewagusa maadamu kabila lao lingalipo duniani. Huko ndiko nilikokuwa nikienda.

Kabla ya kuondoka Nairobi nilishinda Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, nikisoma yale ambayo walowezi wa Kizungu walikuwa wakiidai serikali yao. Walilalamika juu ya kodi ya ardhi, nauli ya reli, uhaba wa vibarua, Wahindi na bei ya mazao. Mwaka 1903 Uingereza ilipojitolea kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya sehemu ya Uasin Gishu, walowezi, ambao bado walikuwa wachache mno, waliunda kamati ya kupinga. Kiongozi wao alikuwa Lord Delamere. Mwaka huohuo yeye mwenyewe alikuwa akikamilisha ombi lake la ekari 100,000 huko Njoro, kwa miaka 99, kwa kodi ya nusu peni kwa ekari kwa mwaka.

Kisa kilichonikaa moyoni kuliko vyote ni cha Machi 1908. Walowezi walikuwa wamekasirishwa na masharti mapya ya kuajiri vibarua. Wakaandamana hadi nyumbani kwa gavana Hayes Sadler jijini Nairobi, Delamere akiwa mbele, wakampigia kelele ajiuzulu. Adhabu ilikuwa nini? Delamere alisimamishwa kwa muda katika Baraza la Kutunga Sheria, kisha akarudi. Machi 1922 Waafrika walikusanyika katika mji huohuo, nje ya kituo cha polisi, wakidai Harry Thuku, mtetezi wa haki zao, aachiliwe. Walipigwa risasi, na zaidi ya 20 wakafa. Sijui namna nyingine ya kuueleza utawala ule kwa mtoto wa shule isipokuwa kumwekea Machi hizo mbili kando kwa kando.

Tulipita Gilgil, kisha Elementaita. Chini ya barabara, ng'ambo ya ziwa, ni Soysambu, shamba jingine la Delamere. Sanamu yake iliyokuwa imesimamishwa katikati ya Nairobi iliondolewa wakati wa uhuru ikaletwa huku. Sikushuka.

Njoro nilishuka. Nilitaka kuiona ngano. Kondoo wa Delamere walidhoofika hapa kwa sababu nyasi zilikosa madini, ng'ombe wakafa kwa maradhi, na ngano yake ikaliwa na kutu, ugonjwa wa mimea. Sitaki kumnyima haki yake: alimwajiri mtaalamu kwa fedha zake ili atafute mbegu inayostahimili kutu, na serikali ikaja kufungua kituo cha utafiti hapahapa mwaka 1927. Kituo hicho kingali kinafanya kazi, na mbegu za ngano kutoka nchi nyingi huletwa Njoro kupimwa dhidi ya kutu ya shina. Nilisimama kando ya ua nikitazama vipande vidogo vya ngano, kila kimoja na kibao chake chenye namba.

Karibu na kituo cha reli nilikutana na mzee aliyezaliwa shambani, baba yake akiwa skwota, yaani kibarua aliyeishi kwenye ardhi ya mlowezi. Nilipomweleza safari yangu aliingia ndani, akatoka na kijisanduku cha bati chenye kutu, kidogo cha kutosha kiganjani, na kitundu cha kupitishia kamba.

"Hiki alikivaa shingoni, mwanangu," akasema. "Kama kengele ya mbuzi."

Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikawa mashimo. Alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana, na safu za mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha. Bila sahihi ya mwajiri wa mwisho, mtu hangeweza kuondoka shambani kwa halali. Hiki ndicho kipande, kitambulisho cha kazi cha Mwafrika. Kilianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kilikuwa jibu la serikali kwa malalamiko yaleyale ya walowezi kuhusu vibarua wanaotoroka. Nilimuuliza mzee kama baba yake aliwahi kulalamika. "Kwa nani?" akanijibu, akakifunga kijisanduku.

Kutoka Nakuru nilipanda matatu ya Nyahururu, tukapitia Subukia. Barabara inapanda kwa kona kali, mashamba madogomadogo ya mahindi na viazi yakining'inia mitelemkoni, hata mtu husahau kwamba hapa palikuwa mashamba makubwa. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi hati za miaka 999, na Waafrika nayo ikawahesabu kuwa wanakaa juu ya ardhi ya Mfalme. Mwaka 1919 mashamba ya askari wa Kizungu yaligawanywa kwa bahati nasibu katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Wakati huo Wanandi walipoteza sehemu ya nchi yao, na vijana wao waliopigana vita hiyohiyo hawakupewa tiketi.

Baada ya Nyahururu nchi inakauka na kutandaa. Kufikia Rumuruti, ua wa waya wa umeme ulikuwa umetusindikiza kwa muda mrefu, nyaya zimepangwa mmoja juu ya mwingine hadi kifuani mwa mtu. Upande wa ndani nyasi zilifika magotini. Upande wetu ng'ombe waliokonda walikuwa wakila ukingo wa lami, mchungaji kijana akiwazuia wasiingie barabarani.

Walowezi waliitaka Laikipia pia, na kwa mkataba wa pili wa 1911 Wamaasai wakaambiwa wahamie kusini. Ahadi ya 1904 ilikuwa imedumu miaka 7. Safari hii hawakukubali kimya. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakiwa na wakili, wakidai mkataba wa kwanza haukuweza kuvunjwa bila ridhaa yao. Kesi ikatupwa. Majaji walisema Wamaasai si raia wa Mfalme, kwamba mikataba ile ni mambo baina ya madola, na mahakama ya ndani haina uwezo wa kuyaamua. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi, na kila mara inanikasirisha upya. Serikali iliwatoza kodi, ikawahamisha kwa nguvu, na siku walipofika mbele ya hakimu ikawaita wageni.

Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana Nairobi na kuingiza mifugo katika mashamba ya huku Laikipia. Serikali ya Kenya huru ilijibu kwa polisi, na mtu aliuawa.

Nilipozungumza na yule mchungaji kijana wa kando ya lami, alikuwa anayajua hayo yote, tena kwa miaka yake. Alichotaka kuniuliza ni kuhusu Katiba ya 2010, ambayo ilizikata hati za miaka 999 za watu wasio raia hadi 99, kwa kodi ya jina tu. Nilimwambia ndiyo, ndivyo ilivyoandikwa. Akataka kujua ikiwa mwenye shamba akichukua uraia hesabu inabadilika vipi, na ikiwa kampuni inahesabiwa raia. Nilimweleza kwamba Katiba inaitambua kampuni kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Akaniomba nimwandikie namba ya kifungu. Nikamwandikia 65 kwenye karatasi, akaiweka ndani ya simu yake, kati ya betri na kifuniko, akawafuata ng'ombe waliokuwa wameanza kuvuka lami.